Supu ya kababu bila mkate wala viazi

Jamani hii supu inashibisha kweli, nampikia mama toka alipoamua kupunguza wanga na sahivi hata watoto wanaigombania. Kazi yote iko kwenye kababu. Sie huku Unguja tushazoea kutia slesi ya mkate iloroweshwa ndo kababu zishikane, hapa mkate huna haja nao, chukua nyama ya kusaga nusu kilo, yai 1, thomu (kitunguu saumu) na tangawizi zilotwangwa, kitunguu kilokatwa vidogo vidogo ukikamue maji yote (usipokamua zitavunjika sufuriani), kotmiri, pilipili manga, bizari ya pilau ya kusaga na chumvi, halafu ukande kwa mkono dakika 5 mpaka nyama inanata. Nyama ikiwa na mafuta kidogo ndo uzuri wake. Fanya viduara kiasi cha ndimu ndogo, weka kwenye friji nusu saa.

Supu yenyewe rahisi, chemsha mifupa mapema, kaanga kitunguu na tungule (nyanya) 2, mimina supu, tia kijiti cha mdalasini. Ikichemka punguza moto ndo utumbukize kababu moja moja na usikoroge mwanzoni, tikisa sufuria tu. Acha dakika 20, kata moja uhakikishe ndani haina wekundu. Kabichi na biringanya tia katikati, mchicha mwisho kabisa.

Ukiitaka nzito usitie unga kama wa urojo, tia tui zito kikombe 1 moto ukiwa mdogo, likichemka sana litakatika. Kamulia ndimu, inywe ikiwa moto.