Umegongwa na lori: mwili wako, PF3 na hela ya fidia

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2021 nilisaini karatasi ya laki mbili na nusu nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya kituo cha polisi, mkono mmoja nimeshika juisi ya boksi niliyoletewa na mtu wa tajiri wa lori. Usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa kwenye Noah tunatoka msibani, tumeshaipita Chalinze tunaelekea Mikese, semi ikawa inatupita, ikatugonga kwa tela lake tukaenda kulala mtaroni. Mi nilitoka nimechubuka tu kiwiko, natembea, naongea, nampigia simu mke wangu. Karatasi ilikuwa imeandikwa "malipo kamili na ya mwisho" nikaona haina shida, mbona niko mzima. Wiki ya tatu vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi, nikafanyiwa MRI, kumbe diski ya shingo imetoka inabana mshipa wa fahamu. Nikarudi kwa yule jamaa, akanionyesha sahihi yangu.

Shemeji yangu aliyekuwa kiti cha nyuma hakusaini chochote, sio kwa ujanja, ni kwa sababu wakati mi nakunywa juisi yeye alikuwa theatre anapasuliwa. Yeye alikuja kulipwa vizuri. Kwa hiyo haya ninayoandika ni yale niliyojifunza kwa kufuatilia faili lake huku la kwangu limeshajifunga.

Tuanze na mwili, maana hapo ndo watu wengi tunadanganyika. Lori lenye mzigo kwa sheria zetu za Afrika Mashariki linaruhusiwa kufika tani 56, IST yako haifiki hata tani moja na nusu. Zikikutana, gari dogo ndo linabeba karibu mshtuko wote, na mshtuko unaishia kwenye viungo laini vya ndani ambavyo huvioni. Shemeji alikuwa analalamika bega la kushoto linauma, akasema labda nililalia vibaya. Bega halikuwa na alama yoyote. Daktari kijana wa zamu akamminya tumbo upande wa kushoto juu, akamwangalia usoni, akasema huyu apigwe ultrasound sasa hivi. Wengu lilikuwa limepasuka, damu inavujia tumboni na inachokoza msuli ulio chini ya mapafu, maumivu yake yanaenda kusikika begani. Kuna wengine wengu linapasuka siku kadhaa baada ya ajali, mtu ameshalala nyumbani kwake anapokea wageni wa pole. Ukiona tumbo linajaa na kukaza, kizunguzungu ukisimama, jasho la baridi, mapigo yanakimbia, usisubiri kukuche.

Kichwa nacho kina tabia hiyohiyo. Mtu anazimia kidogo, anaamka, anaongea vizuri kabisa, baada ya masaa anaanza kutapika na kusinzia, mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Hiyo inaweza kuwa damu inakusanyika ndani ya fuvu, hapo ni siti skani na haraka. Maji meupe yakitoka puani au sikioni baada ya kugongwa usidhani ni mafua.

Mifupa angalau inajionyesha. Paja likivunjika mtu anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani kwa ndani bila tone kudondoka chini, nyonga ndo usiseme. Ukishafungwa POP, lile gamba gumu la plasta, halafu maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinachoma na vinakuwa vya baridi, rudi hospitali usiku huohuo, mguu unavimba ndani ya gamba unakata damu. Na hapa naomba nisieleweke vibaya, nawaheshimu wazee wa kuunga mifupa kule vijijini, ila nimeona mguu uliobanwa na vijiti na kamba mpaka ukawa mweusi, ukakatwa. Na bendeji ikianza kabla ya picha ya eksrei, hata bima inapata pa kubishia, wanasema ulivyoumia sivyo, umejiharibu mwenyewe.

Kuna lingine la waliobanwa kwenye kabini au chini ya tela kwa masaa. Mguu ukitolewa, sumu za misuli iliyopondeka zinamwagika kwenye damu na kwenda kuziba figo. Ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi mwambie nesi, sio kitu cha kuona aibu. Halafu kuna wanaoingia chini ya tela lililoharibika usiku, dereva kaweka matawi mawili ya mti barabarani badala ya pembetatu, hizi ndo zinamaliza watu kwa kichwa na shingo kwa sababu bodi ya tela inakuja usawa wa kioo.

Eneo la ajali kama unajiweza: mtu asivutwe mkono kutolewa kwenye gari isipokuwa kuna moto au gari litabiringika, asikalishwe kupepewa, asipewe maji. Shingo ishikwe isicheze mpaka alazwe kwenye kitu kigumu. Damu inayoruka ibanwe na kitambaa, bana kwelikweli. Piga 112, moto piga 114. Na kama ni tenki la mafuta ondoka, tena ondoa na wengine, tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro watu zaidi ya 100 walikufa kwa sababu ya kukimbilia kuchota petroli.

Sasa namba. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanapiga picha namba ya mbele ya lori tu. Semi ni magari mawili, kichwa kina namba yake na tela lina namba yake, kila moja lina usajili wake na linaweza kuwa na bima yake, hata wenye mali wanaweza kuwa wawili tofauti. Sisi ilitugonga sehemu ya tela kwenye kona ya kupita, na tusingekuwa na ile picha ya matope ya nyuma ya tela ambayo shemeji mwingine aliipiga bila kujua, tungekuwa tunazungushwa mpaka leo. Piga vyote viwili, piga jina lililoandikwa mlangoni, alama za breki kwenye lami, na magari yalivyokaa kabla breakdown haijafika kuyavuta. Chukua simu za watu wawili watatu walioona, mama muuza mahindi wa pale barabarani ni shahidi mzuri kuliko abiria mwenzako.

Ukiwa na picha ya namba, ingia kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya serikali inayosimamia bima) mtandaoni unaitwa TIRAMIS, weka namba ya gari, utaona kama bima ipo hai na ni ya kampuni gani. Hata kama lori lina bima ndogo tu, ile ya kumlipa mtu wa tatu, wewe uliyeumizwa ndo huyo mtu wa tatu, usikubali kuambiwa "gari yetu haina bima kubwa kwa hiyo hatuwezi kukulipa", hiyo ni lugha ya kukuchosha. Bima kubwa ni ya kutengeneza lori lao.

PF3 ni fomu ya polisi ya kuonyesha majeraha, unaipata kituo cha polisi, haiuzwi. Ukiwa mahututi tibiwa kwanza, ndugu aifuate. Daktari ndo anaijaza kuonyesha umeumia wapi na kiasi gani, na hapa uwe mkali kidogo: taja kila kinachouma hata kama unaona ni kidogo. Kwenye PF3 yangu iliandikwa mchubuko wa kiwiko, basi. Shingo haimo. Kama kuna maumivu yamekuja baadaye nenda tena hospitali yaandikwe kwenye faili na tarehe yake, maana wakili wa upande wa pili atauliza hiyo shingo ilianza kuuma lini na nani anajua.

Kingine ni ramani ya ajali anayochora trafiki, na ripoti ya mkaguzi wa magari. Hiyo ya mkaguzi ni dhahabu. Dereva akisema breki zimefeli watu wanaitikia "kazi ya Mungu", hapana bwana, mteremko kama Kitonga au Iwambi breki zinafeli kwa sababu zimechomwa, mtu ameshuka na gia kubwa au ameweka nyutro kuokoa mafuta, au hazijafanyiwa sevisi. Breki mbovu ni uzembe wa mwenye gari, sio utetezi wake. Dereva akipelekwa mahakamani akatiwa hatiani kwa kuendesha kizembe, fuatilia nakala ya hukumu. Ukienda kudai fidia ile hukumu inakupunguzia nusu ya kazi, kosa limeshathibitishwa, mnabaki kubishania hela. Faini aliyolipa dereva inaenda serikalini, haikuhusu na wala haifuti madai yako, kuna watu wanaambiwa kesi imeisha wanakwenda zao.

Anayedaiwa sio dereva peke yake, yule mara nyingi hana kitu. Tajiri anawajibika kwa dereva wake aliyekuwa kazini, na nyuma ya tajiri kuna kampuni ya bima. Unaanza na barua ya madai kwa mwenye gari, nakala kwa bima, ukieleza ajali, majeraha na kiasi unachotaka. Wakikaa kimya au wakikupa hela ya kucheka, unapeleka malalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au unakwenda mahakamani. Kesi ya namna hii ina miaka 3 tangu tukio, ikipita hapo umeshachelewa, na nakuambia miaka 3 ni midogo sana ukiwa mtu wa magongo na kliniki.

Kwenye hesabu kuna hela za aina mbili. Kuna zile unazoweza kuzitaja kwa shilingi: dawa, eksrei, upasuaji, bajaji ya kwenda kliniki, mshahara uliokatwa, mtu wa kukuhudumia nyumbani. Hizi mahakama inataka risiti, sio maneno. Shemeji dada yake alikuwa na boksi la viatu anatupia kila kikaratasi, mpaka risiti ya pampasi za wakubwa, na zile za dukani zinazofutika alizitoa fotokopi mapema. Mi nilimcheka. Kama unafanya biashara ya mtaji mdogo, kipato chako thibitisha kwa miamala ya simu, daftari la mauzo, leseni ya biashara, chochote. Aina ya pili ni maumivu, ulemavu, raha ya maisha iliyopotea, kutoweza kulala ukisikia honi ya lori, hiyo hakimu anakadiria mwenyewe, ila anakadiria kwa kuangalia ripoti ya daktari inayosema ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. Ripoti hiyo omba baada ya matibabu kutulia, sio wiki ya pili. Ukiwa hukufunga mkanda tegemea wakuambie umechangia na wapunguze. Na wa lifti ya lori lenyewe, kampuni za bima huwa zinabisha sana, usipande.

Haraka haraka kwa wengine. Dereva na utingo mlioumia kazini mna mlango mwingine, WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mwajiri atoe taarifa mapema na asipotoa nenda mwenyewe. Lori likiwa la Zambia au Congo, muulize dereva kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania tumo kwenye mpango huo japo COMESA yenyewe tulitoka, na ile kadi inafanya bima yake ya kwao ikulipe hapahapa, piga picha kadi kabla hajavuka mpaka. Na kama aliyegongwa amefariki, familia ianze na mahakama kumteua msimamizi wa mirathi, bila huyo ni vigumu kusikilizwa hata mkienda ukoo mzima.

Wakili mkikubaliana asilimia iandikwe, na iandikwe asilimia ya nini, ya fidia yote au ya kinachobaki baada ya gharama. Kama huna uwezo, kuna vituo vya msaada wa kisheria mikoani, sheria ya msaada wa kisheria ipo tangu 2017.

Mwisho kabisa bima wakikubali watakuletea karatasi ya kusaini kabla ya hela, wanaita dischaji vocha. Ya shemeji ilikuja kwa Kiingereza kurasa mbili, ofisini baridi la kiyoyozi, dada wa mapokezi kashatoa na kalamu. Akasema naomba niende nayo nyumbani. Dada akashangaa, akapiga simu juu, wakamruhusu. Wakili akakuta imeandikwa amepokea hela na ameacha kila dai la sasa na la baadaye, wakati bado alikuwa anasubiri upasuaji wa pili. Wakaikataa, wakarudishiana barua miezi minne, ikaja nyingine ina gharama ya upasuaji ndani. Hiyo ndo akasaini, nakala moja akabaki nayo.