Namna ya kuthibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho

Swali hili limejibiwa mara nyingi mno. Ninaliandikia jibu kamili hapa, na atakayeliuliza tena ataelekezwa huku. Uthibitisho ni wa Euclid, nao hauhitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya.

Hatua ya 1. Chukua orodha yoyote ya namba tasa yenye mwisho, mathalani 2, 3 na 5.

Hatua ya 2. Zidisha zote, kisha ongeza 1. Hapa utapata 31.

Hatua ya 3. Soma taratibu, kwa sababu hapa ndipo alama hupotea. Ukiigawanya namba hiyo kwa tasa yoyote iliyomo katika orodha, hubaki 1. Kwa hiyo hakuna hata moja kati yake iliyo kigawo chake. Wengi hurukia kuandika kwamba namba hiyo yenyewe ni tasa. Usiandike hivyo. Mifano ya mwanzo hudanganya, kwa kuwa 7, 31, 211 na 2,311 zote ni tasa, lakini 2×3×5×7×11×13+1 ni 30,031, ambayo ni sawa na 59×509. Tunachodai ni kidogo zaidi: kila namba nzima kubwa kuliko 1 ina angalau kigawo kimoja kilicho tasa, na kigawo cha aina hiyo cha namba yetu hakimo katika orodha.

Hatua ya 4. Kwa kuwa orodha ilikuwa yoyote ile, hakuna orodha yenye mwisho inayozimaliza.

Swali: Kwa hiyo kanuni hii hutoa namba tasa kila mara?

Jibu: Soma tena hatua ya 3.

Swali: Nimepima kwa kompyuta hadi milioni moja, na kila namba shufwa kuanzia 4 ni jumla ya tasa mbili. Je, huo si uthibitisho?

Jibu: Sio. Hilo ni swali la Goldbach na Euler la mwaka 1742. Limekwisha kupimwa hadi kupita 4×10¹⁸, na bado halina uthibitisho. Dai jingine, la mwanahisabati Pólya la mwaka 1919 kuhusu idadi ya vigawo tasa, huanguka kwa mara ya kwanza kwenye 906,150,257. Milioni yako isingeligundua.

Swali: Mwalimu, je, njia hii yaweza kutumika kwa tasa pacha, yaani zinazopishana kwa 2, kama 11 na 13?

Jibu: Umeuliza vizuri. Haiwezi, kwa sababu hutupatia tasa mpya bila kutuambia lolote kuhusu jirani yake. Mwaka 2013 Yitang Zhang alithibitisha kwamba jozi za tasa zilizopishana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho. Wengine wakalishusha pengo hilo hadi 246, ilhali tunalolitaka ni 2. Ukipenda zoezi, zidisha orodha yako kwa 4 kisha utoe 1, uone kwa nini tasa zinazobakisha 3 zikigawanywa kwa 4 nazo hazina mwisho.

Swali: Hiyo 59 uliipataje bila kompyuta?

Jibu: Kipeo cha pili cha 174 kinazidi 30,031, kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu tasa zinazozidi 173. Sita za kwanza zimekwisha kuondolewa na hatua ya 3. Anza na 17. 59 ni ya kumi na moja.