PSA 7.8, halafu? Namna ya kupima hatari ya saratani ya tezi dume kwa MRI na historia ya mgonjwa

Fomu nyingi za MRI (picha za sumaku) ya tezi dume hunifikia zikiwa na maneno mawili tu: "PSA 7.8", yaani kiwango cha protini ya tezi dume kwenye damu. Umri haupo, dawa hazipo, ukoo haupo. Kwa namba hiyo peke yake siwezi kusema kama mzee wa watu achomwe sindano ya biopsi (kutolewa kinyama cha kupimwa) au arudi nyumbani. Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha PSA yenyewe ni ya kuaminika. Maambukizi ya njia ya mkojo huipandisha, na mpira wa mkojo uliowekwa majuzi pia. Tibu, subiri wiki 6 hivi, rudia kipimo. Kisha uliza dawa. Aliyemeza finasteraidi, dawa ya kupunguza tezi iliyovimba, kwa miezi 6 au zaidi, PSA yake imeshuka karibu nusu, kwa hiyo 3.5 yake isome kama 7. Usimuulize jina la dawa; mwambie aje na paketi, maana wengi watakujibu "ile ya mkojo" basi.

Hatua ya 2: Pima ujazo wa tezi. Kwenye picha za T2 (aina mojawapo ya picha za MRI), chukua kimo na unene kutoka mkato wa ubavuni uliopita katikati ya tezi, na upana kutoka mkato wa mlalo. Zidisha vipimo vyote vitatu kwa sentimita, kisha zidisha kwa 0.52. Jibu ni mililita.

Hatua ya 3: Gawanya PSA kwa ujazo. Huu ndio msongamano wa PSA, na kwangu ndiyo hesabu yenye faida kuliko zote, tena haina gharama. Chukua wanaume wawili, wote wana PSA 7.8. Wa kwanza tezi yake ni 4.5 × 3.5 × 4.0, yaani mililita 33 hivi. Msongamano ni 0.24. Wa pili ni 5.8 × 5.0 × 5.5, mililita 83; msongamano ni 0.09. Huyu wa pili ana tezi kubwa inayomwaga PSA nyingi kwa sababu ya ukubwa wake tu. Wa kwanza PSA yake haielezeki kwa ukubwa. Mpaka tunaoutumia zaidi ni 0.15.

Hatua ya 4: Soma picha, utoe alama ya PI-RADS, yaani kiwango cha shaka ya saratani kwenye MRI, 1 (ndogo kabisa) hadi 5 (kubwa kabisa). Kama aliwahi kufanyiwa biopsi, anza na T1, aina nyingine ya picha za MRI: damu iliyobaki huiga saratani kwenye picha nyingine. Ukanda wa pembeni wa tezi unaamuliwa na difusheni, picha zinazoonyesha jinsi maji yanavyosogea ndani ya nyama: tafuta doa jeusi kwenye ramani ya ADC (inayokokotolewa kutoka difusheni) linalong'aa kwenye picha ya b ya juu (difusheni iliyopigwa kwa nguvu kubwa). Sehemu ya ndani inayozunguka njia ya mkojo inaamuliwa kwanza na T2, kwa sababu vinundu vya uvimbe wa kawaida wa uzeeni vimejaa humo na difusheni inaweza kukupoteza.

Usiidharau MRI, wala usiiabudu. Katika utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa 2017 kwa wanaume 576, MRI ilinasa asilimia 93 ya saratani za hatari; biopsi ya kawaida ya ultrasaundi ilinasa 48. Bado kuna zilizopita.

Hatua ya 5: Sasa mrudishe mgonjwa kwenye picha. Umri, baba au kaka aliyeugua, kipimo cha kidole (daktari kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa), biopsi iliyopita. Alama 4 na 5 nashauri biopsi. Alama 1 na 2, msongamano ukiwa chini ya 0.15 na ukoo hauna kitu, afuatiliwe kwa PSA. Ugumu uko kwenye 3. Hapo msongamano na ukoo ndivyo vinavyoamua, na mwenye 0.24 simwachi.

Vipo vikokotoo vya mtandaoni vinavyotoa asilimia, kama kile cha Rotterdam. Vitumie, ila kumbuka kile kilijengwa kwa data za wanaume wa Ulaya, na wanaume weusi wana hatari kubwa zaidi. Kikisema hatari ni ndogo kwa mgonjwa wako wa Mwanza, usimfungie jalada kwa hilo pekee.

Ripoti yangu humalizika na vitu vinne: ujazo, msongamano, alama, na doa liko upande gani, juu, katikati au chini ya tezi, ili mshika sindano ajue pa kulenga.