Somo: Pini ya baharia na pini ya seremala si chombo kimoja

Ninaandika somo hili kwa sababu swali ni lilelile kila mara: je, pini ya chuma ambayo baharia huungia kamba inafaa kuvutia kiungo cha tundu na ulimi kwenye mbao (ulimi ni ncha ya mbao moja iliyochongwa iingie kwenye tundu la mbao nyingine)? Haifai, na sababu imo katika umbo la chuma chenyewe.

1. Tazama ncha. Pini ya baharia huchongoka upesi, na mara nyingi ncha yake ni bapa kidogo, ili ipenye kati ya nyuzi za kamba na kuzipanua bila kuzikata. Pini ya seremala ni ya mviringo mwanzo hadi mwisho, hupungua unene polepole sana, na ina mpini, kwa kuwa huzungushwa ndani ya tundu. Ncha bapa ikizungushwa humo hukwangua mbao na kuharibu duara.

2. Tazama nyuma. Pini nyingi za baharia zina kitundu cha kupitishia ugwe. Ufunge ugwe huo kabla ya kupanda mlingoti, maana chuma kikiponyoka kitamwangukia aliye chini.

3. Kwenye kamba: inua uzi mmoja kwa pini, pitisha chini yake ncha ya uzi unaouunga kinyume cha msokoto, vuta; hilo ni pito moja.

4. Kwenye mbao: hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo soma taratibu. Toboa tundu la kigingi (kijiti cha mbao kinachokaza kiungo) kwenye mbao inayopokea ulimi, ingiza ulimi mpaka bega, yaani ukingo pale ulimi unapoanzia, likae barabara, weka alama ya kitovu kwa ncha ya biti ileile, kisha uchomoe ulimi. Usitoboe juu ya alama hiyo. Sogea milimita 1 hadi 2 kuelekea begani, kidogo kwa mbao ngumu na zaidi kwa mbao laini, ndipo utoboe. Ukisogea kuelekea nchani mwa ulimi, kigingi kitasukuma kiungo kifunguke. Ukisogea kupita kiasi begani, kigingi kitavunjika, au sehemu ya ulimi iliyo kati ya tundu na ncha itapasuka. Baada ya hapo rudisha ulimi, ingiza pini huku ukiizungusha, na uangalie mstari wa bega: ukiona mwanya unajifunga, vipimo ni sahihi. Toa pini, gonga kigingi.

MASWALI

Tanga Mbili: Nina pini ya baharia peke yake. Naweza kuitumia kwenye mbao?
Jibu: Aya ya kwanza imekujibu.

Randa: Nimefuata hatua ya 4 na kiungo kimeachama. Somo lina kasoro.
Jibu: Somo limetaja sababu moja ya kiungo kufunguka. Pima umbali kutoka begani hadi kitovu cha kila tundu. La ulimi likiwa mbali zaidi, ulisogea upande usiofaa. Ziba tundu hilo kwa kigingi chenye gundi, likauke, utoboe upya.

Msumeno: Fundi, kwa nini kigingi kinapasuliwa badala ya kukatwa kwa msumeno?
Jibu: Umeuliza jambo la maana, ndugu yangu. Kigingi hiki hujipinda kidogo kinapopita kwenye matundu yasiyolingana. Mbao iliyopasuliwa hufuata nyuzi zake, hivyo nyuzi hizo hukimbia urefu wote wa kigingi na kuhimili mpindo. Msumeno huweza kuzikata kwa mshazari, na hapo ndipo kigingi huvunjikia. Kichonge ncha, ukiache kirefu ili sehemu nyembamba itokeze upande wa pili, kisha uikate.

Tanga Mbili: Samahani kwa swali la awali. Je, kamba ya nailoni huungwa sawa na ya katani?
Jibu: Njia ni ileile, lakini nailoni huteleza. Kwa katani mapito matatu ya kila uzi yanatosha; kwa nailoni fanya matano au zaidi.

Randa: Nimepima, tundu lilikuwa upande wa nchani. Na kwa kamba nene sana?
Jibu: Tumia pini ya mbao ngumu, nene kuliko ya chuma. Hupanua nyuzi kwa upole na haiachi kutu kwenye kamba. Ile ya chuma ipake mafuta kabla ya kuiweka.