Kikao cha amani juu ya msitu na maji, kwa utaratibu wa Marafiki

Misheni ya Kaimosi ya Marafiki, yaani Wakristo waitwao pia Waquaker, ilianzishwa mwaka 1902, na kwa desturi mikutano yao magharibi mwa Kenya huamua mambo bila kupiga kura. Karani, ambaye ndiye anayeongoza kikao, husikiliza hadi aone kikao kimefikia umoja, kisha huandika uamuzi. Sasa majira ya mvua hayatabiriki, malisho na chemchemi za Mlima Elgon zinagombewa, na utaratibu huu unaweza kuwasaidia wakulima, wafugaji na Waogiek, jamii ya asili ya msituni, kukaa pamoja. Ila ukiendeshwa vibaya huwa funika kombe mwanaharamu apite: walio wachache hunyamaza, na kimya chao huandikwa kama ridhaa.

Kwa hiyo ninyi mnaoitisha kikao, anzeni na haki, ndipo mje kwenye upatanisho. Kabla ya kumwalika yeyote, someni hali ya ardhi yenyewe. Chepkitale, eneo la Waogiek wa Mlima Elgon, ilifanywa hifadhi mwaka 2000 bila Waogiek kushauriwa. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba ni ardhi ya jamii yao. Kuhusu Waogiek wa msitu wa Mau, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba kulinda mazingira hakukuwa sababu halali ya kuwafukuza msituni. Karani asiyejua haya ataruhusu mtu aseme "hawa ndio wanaoharibu msitu", na kikao kitakuwa kimevunjika hata kabla ya maombi.

Kikao kisigawe ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, maamuzi hayo ni ya mkutano wa wanajamii wenyewe, na akidi yake ni theluthi mbili. Ninyi mnazungumzia matumizi: nani anateka maji, nani ananywesha mifugo, lini, wapi. Vilevile, mauaji, ubakaji na uchomaji wa nyumba ni mambo ya polisi na mahakama. Kikao hakiwezi kuyafuta kwa kupeana mikono.

Iteni kikao Novemba, kabla kiangazi hakijakaza. Ukisubiri Februari, watu watakuja na hasira ya mifugo iliyokufa. Wiki mbili au tatu kabla, watu wawili waende kila upande na kusikiliza tu, bila kupeleka pendekezo lolote. Hapo ndipo utajua nani hasa awepo: si wazee pekee, bali pia wanawake wanaoteka maji na vijana wanaochunga. Washiriki 20 wanatosha. Pande ziwe na idadi sawa, hata kama upande mmoja una watu mara kumi ya mwingine. Mahali pasiwe pa upande wowote, na chakula kisigharimiwe na upande mmoja.

Viti viwe duara, meza ziondolewe. Fungueni kwa dakika kumi za ukimya, mkieleza kwanza kwamba mtu haulizwi imani yake. Kisha toeni swali moja: "Ni nini kilibadilika katika maji yetu, na kilikuumiza vipi?" Kila mtu azungumze mara moja kabla ya yeyote kuzungumza mara ya pili, kwa lugha yake, mkalimani akiwa kando yake. Baada ya kila msemaji nyamazeni kidogo. Kosa la kawaida ni karani kujibu kila hoja papo hapo. Basi watu huanza kumwambia yeye badala ya kuambiana.

Kumbukumbu iandikwe hapo hapo, isomwe kwa sauti, irekebishwe hadi wote wakubali. "Tutalinda chemchemi" haina maana. Andikeni hivi: "Kuanzia Januari hadi mvua za Machi, maji ya nyumbani yatatekwa hadi saa nne asubuhi, ng'ombe watanyweshwa kwenye birika la chini kuanzia saa nne hadi saa nane." Mtu mmoja akikataa, msimpite. Muulizeni anaona hatari gani. Mara nyingi anajua jambo kuhusu eneo hilo ambalo wengine hawalijui. Umoja ukikosekana, andikeni hivyo na mpange siku nyingine.

Malizeni kwa kazi ya mikono inayohitaji pande zote mbili. Zungushieni chemchemi ua, wekeni bomba juu kiasi cha dumu la lita 20 kusimama chini yake, ng'oeni mikaratusi iliyo karibu kwa kuwa inanyonya maji mno, na kando ya mto pandeni mianzi na miti ya asili. Akija mnunuzi wa kaboni, yaani anayelipia hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, asitie saini na mtu mmoja: sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inadai mkataba na jamii, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato.

Baada ya miezi mitatu, rudini kwenye chemchemi, si kanisani, msome kumbukumbu kifungu kwa kifungu mbele ya waliokuwepo. Kifungu kilichovunjwa kichunguzwe kabla ya kumlaumu mtu: pengine birika lilipasuka, na mchunga ng'ombe hakuwa na mahali pengine pa kwenda.