Kijana akikamatwa usiku mtaani
Mimi ni katibu wa usalama wa LC1, yaani baraza la kijiji, hapa Busia, upande wa Uganda. Mkisikia kijana kachukuliwa usiku, msikimbilie kuchanga pesa. Nendeni kituoni na mwenyekiti, ombeni namba ya kesi kwenye kitabu cha matukio, muiandike pamoja na saa aliyokamatwa. Hiyo saa msiipoteze kabisa: Katiba ya 1995 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Na dhamana ya polisi ni bure. Mama mmoja aliwahi kunifungulia leso yenye noti zilizolowa jasho. Nilimwambia akanunulie watoto unga.

Kisha lileteni jambo kwenye mkutano wa kijiji, mkuu wa kituo aalikwe ajibu. Kila mkazi wa miaka 18 kwenda juu ana haki ya kuuliza.