Kuosha nywele kwa udongo wa mfinyanzi: usiuache ukauke

Watu wengi wanaonijia na malalamiko kuhusu udongo wameangushwa na kosa moja: waliuacha ukakauka kichwani. Nywele zikatoka ngumu, zikakatikia kwenye kitana, na wao wakaapa kutougusa tena. Mimi ni msusi wa nywele za asili. Nimeosha vichwa vingi kwa udongo, na kosa hilo nililianza kwenye kichwa changu. Nilijipaka, nikaendelea na kazi za nyumbani kwa saa nzima nikiamini kwamba kadiri udongo unavyokaa ndivyo unavyosafisha. Ulipokauka ulijikaza na kuvuta ngozi. Nilipojaribu kuupukuta kwa vidole, nywele laini za kwenye paji la uso ziling'oka nao. Ilichukua miezi kabla ukingo ule haujajaa tena.

Kwa hiyo katika mwongozo huu utaniona nikirudia rudia neno maji.

Udongo unavyofanya kazi

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni vipande bapa, vyembamba mno, vilivyolaliana kama kurasa za kitabu. Nyuso zake zina chaji hasi. Maji yakiingia kati ya kurasa hizo, zinaachana na kuanza kuteleza moja juu ya nyingine. Huo ndio utelezi unaousikia vidoleni unapoukoroga. Mafuta, vumbi, jasho lililokauka na mabaki ya jeli hunaswa na chembe hizo, na ukisuuza vinaondoka pamoja nazo. Hakuna povu, na nywele hazivuliwi mafuta yote kama zinavyovuliwa na shampuu kali.

Maji yakikauka, kurasa zinabana tena, na safari hii zinabana zikiwa zimeishika nywele.

Utasikia pia kwamba udongo "unatoa sumu" kichwani. Mimi simwambii mteja hivyo. Unywele ukishatoka nje ya ngozi ni kitu kisicho na uhai. Udongo unaosha kilicho juu yake na juu ya ngozi, na hiyo ni kazi ya kutosha.

Chagua udongo unaokufaa

Bentonaiti ndio unaotajwa zaidi. Ni majivu ya volkano yaliyogeuka udongo kwa miaka mingi sana, na jina lake lilitolewa mwaka 1898 na mwanajiolojia Wilbur Knight kutokana na miamba ya Benton huko Wyoming, Marekani. Upo wa aina mbili. Wenye sodiamu unafura mno ukikutana na maji na kuwa kama ute. Unateleza vizuri lakini kuusuuza ni kazi. Wenye kalisi haufuri sana na unatoka kwa urahisi zaidi. Anayeanza namshauri achukue wenye kalisi. Bentonaiti unafaa ngozi yenye mafuta mengi na nywele zilizolemewa na vipodozi.

Rasuli unatoka Moroko, upande wa milima ya Atlas, na una magnesiamu kwa wingi. Jina lake lina asili ya neno la Kiarabu la kuosha, shina lile lile lililotupa sisi neno ghusli. Kwangu huu ndio bora kwa nywele za kipilipili zinazosokotana, kwa sababu unateleza bila kung'ang'ania.

Kaolini ni mweupe na mpole kuliko yote. Umepewa jina la kilima cha Gaoling nchini China, ulikochimbwa kwa ajili ya vyombo vya kauri. Haufuri sana wala haunyonyi mafuta kwa nguvu, kwa hiyo mwenye ngozi kavu au inayowasha upesi aanzie hapa.

Wowote utakaouchagua, nunua uliotayarishwa kwa ajili ya vipodozi, kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha kwamba umepimwa madini ya risasi. Udongo unatoka ardhini na unabeba kilichomo ardhini. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wanunuzi kuhusu unga wa bentonaiti uliokutwa na risasi nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na kujichimbia udongo popote na kuupaka kichwani, na usiuache mahali ambapo mtoto anaweza kuulamba.

Nani asubiri kwanza

Mwenye vidonda au michubuko kichwani asubiri vipone. Mwenye mapunye aende hospitali: ugonjwa huo unaingia ndani ya mizizi ya nywele na unahitaji dawa za kumeza, kupaka juu hakutoshi. Mba ni jambo jingine. Udongo utaondoa mafuta na magamba, kichwa kitapata nafuu, lakini fangasi anayehusika na mba hafi kwa udongo. Ikiwa mba inarudi kila mara, tafuta shampuu yenye dawa kama ketokonazo.

Mwenye rasta namkataza kabisa. Udongo ukiingia katikati ya rasta iliyokomaa hautoki, na utauona miezi baadaye kama vumbi la kijivu ndani ya kila rasta. Mwenye nywele alizotia dawa au rangi hivi karibuni naye asubiri wiki chache, kisha ajaribu kwenye kifungu kimoja cha nyuma kabla ya kupaka kichwa kizima.

Hatua ya 1: Tayarisha nywele

Fumua, ondoa mafundo kwa vidole, kisha gawa nywele katika mafungu manne, au sita zikiwa nyingi, na kila fungu ulisokote lisifumuke. Usitegemee udongo ukufungulie mafundo.

Sasa zilowanishe nywele chapachapa. Nywele kavu hunywa maji ya udongo kabla hujamaliza kupaka, na hapo umeshaanza kuukausha.

Hatua ya 2: Koroga

Kwa nywele zinazofika mabegani, vijiko vikubwa sita vya unga vinatosha. Funika pua na mdomo kwa barakoa unapoupima. Vumbi la udongo ni laini sana, na mara nyingi lina madini ya silika ambayo hayafai kuvutwa mapafuni.

Tia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli kwanza, kisha nyunyiza unga juu yake kidogo kidogo. Usikoroge. Uache uzame wenyewe kwa dakika 15 au 20. Wengi humwaga maji juu ya unga, na hapo ndipo madonge yanapozaliwa: nje linalowana, ndani linabaki kavu, na donge kavu likifika kichwani linakwaruza. Kwa rasuli na kaolini anza na kipimo kimoja cha maji kwa kimoja cha udongo. Kwa bentonaiti anza na vipimo viwili vya maji, na uwe na mengine karibu, kwa sababu utayahitaji.

Ukishalowana wote, koroga. Unataka rojo la uzito wa mtindi, linalodondoka polepole kutoka kwenye mwiko. Likisimama kama kilima, ni zito mno, ongeza maji. Kama huna uhakika, afadhali liwe jepesi. Rojo jepesi litakuchuruzikia shingoni, lakini litatoka.

Bakuli la chuma cha pua halina shida kwa muda mfupi kama huu, ingawa wengi husema udongo usiguse chuma. Sufuria za alumini na vyombo vya shaba ndivyo ninavyoviepuka, hasa siki ikiwa karibu.

Je, siki itiwe ndani ya udongo? Wengi hutia, na sababu yao ni ya kweli. Bentonaiti una pH (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi inazidi) kati ya 8 na 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5. Nywele zikikaa kwenye pH ya juu hufura, na magamba yake madogo ya juu hunyanyuka. Lakini siki ikiingia kwenye rojo huzifanya chembe zishikane, na utelezi unapungua. Mimi naiweka siki kwa ajili ya hatua ya 5. Ukitaka kushusha pH ya rojo lenyewe, tia vijiko viwili vya ute wa shubiri, maana una asidi kidogo na unasaidia kuteleza.

Kondishena usiichanganye na udongo kamwe. Kondishena hushika nywele kwa sababu viambato vyake vina chaji chanya, na udongo una chaji hasi. Vikikutana bakuli moja vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, unapata mabonge yanayofanana na maziwa yaliyoganda, na nywele haziambulii kitu. Nilipoteza chupa nzima kabla sijaelewa hilo.

Hatua ya 3: Paka

Fumua fungu moja. Anza kwenye ngozi: paka kwa ncha za vidole, si kwa kucha, na sugua taratibu kwa mizunguko midogo. Kisha vuta rojo kutoka kwenye shina hadi ncha kwa viganja, kama unavyopaka mafuta. Usizirundike nywele utosini, maana zitakusumbua wakati wa kusuuza. Sokota fungu hilo tena, nenda la pili.

Weka chupa ya kupulizia maji karibu yako. Ukifika fungu la nne, rudi uliguse la kwanza: ukiona udongo umeanza kufifia rangi pembeni, hasa kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, pulizia maji pale pale. Rangi ikififia, udongo umeanza kukauka, hata kama katikati bado unateleza.

Ukimaliza, vaa kofia ya plastiki na utazame saa. Dakika 10 kwa anayejaribu mara ya kwanza. Dakika 15 kwa aliyezoea. Sijawahi kuona faida ya kuzidisha 20.

Hatua ya 4: Suuza

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu huchoka mapema. Jaza beseni kubwa maji, inamisha kichwa na uzamishe nywele mafungu yakiwa bado yamesokotwa. Yatikise ndani ya maji. Udongo mwingi utaachia na kutua chini ya beseni. Maji hayo mwaga nje, juu ya ardhi. Ukiyamwaga kwenye sinki, udongo utatuama ndani ya bomba na kuliziba.

Jaza tena, rudia. Baada ya beseni la pili au la tatu, simama chini ya maji yanayotiririka na ufumue fungu moja moja. Elekeza maji kwenye ngozi na uzitenganishe nywele kwa vidole. Usisugue nywele kwa nywele. Mahali panapofichama udongo ni kisogoni na juu kidogo ya masikio. Endelea hadi maji yatoke safi, kisha suuza dakika moja zaidi. Nasema hivyo kwa sababu maji yanaweza kuonekana safi huku ngozi bado ina utando mwembamba. Pitisha kidole juu ya ngozi. Ukisikia ute, bado.

Hatua ya 5: Siki

Changanya kijiko kikubwa kimoja cha siki kwenye nusu lita ya maji. Mimina polepole kichwani, ukifumba macho, iache dakika moja, kisha suuza. Siki inashusha pH na magamba ya nywele yanalala. Utaona tofauti mara moja kwenye kitana. Usiongeze ukali wake kwa kudhani itafanya kazi zaidi, maana siki kali inachoma ngozi.

Hatua ya 6: Rudisha unyevu

Wengi huamini kwamba udongo wenyewe ni kondishena. Ulaini unaousikia wakati wa kuosha unatokana na ule utelezi, na mwingi wake unaondoka na maji. Baada ya udongo nywele ni safi kweli kweli, kwa hiyo zinahitaji kondishena hapo hapo, zikiwa mbichi. Paka, chana kwa kitana cha meno mapana kuanzia nchani kwenda juu, suuza. Kama bado kuna udongo umebaki, utaikamata kondishena kabla haijafika kwenye nywele. Ukiona kondishena inafanya vijidonge vyeupe kati ya vidole, rudi hatua ya 4.

Malizia na kondishena ya kuacha kichwani bila kusuuza au mafuta kidogo, kisha suka au bana kama ulivyozoea.

Mara ngapi, na mambo yakienda kombo

Mara moja kwa wiki tatu au nne inatosha kwa wengi. Mwenye ngozi ya mafuta anaweza kufanya kila wiki mbili. Kati ya hapo osha kwa shampuu laini. Na kama unatumia bidhaa zenye silikoni zisizoyeyuka kwenye maji, usitarajie udongo uzitoe zote. Hizo zinahitaji shampuu.

Nywele zikikauka na kuonekana na vumbi jeupe, tatizo ni kusuuza. Usilifute kwa kitambaa kikavu. Zilowanishe tena, rudia beseni na siki, kisha kondishena. Zikiwa ngumu ila hazina vumbi, ziliachwa muda mrefu au rojo lilikuwa zito: safari ijayo punguza dakika tano na uongeze maji. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu zaidi ya siku moja, acha udongo huo, na ukijaribu tena jaribu kaolini, nyuma ya sikio kwanza.

Na ikitokea umesahau, udongo umekauka kichwani, usiupukute wala usiuchane. Ingia chini ya maji na kofia ikiwa imevuliwa, yaache yatiririke dakika tano nzima bila kugusa chochote, mpaka uusikie unaanza kuteleza tena. Hapo ndipo upeleke vidole.

Rojo lililobaki litupe. Halina kihifadhi, na vijidudu huota ndani yake upesi. Unga mkavu unakaa muda mrefu kwenye chombo kilichofungwa vizuri, mradi usiuchote kwa kijiko kilicholowa.